Jinsi ya Kunenepesha Bajeti ya Kaunti

Hongera kwa kuapishwa, Mheshimiwa Gavana. Mgao kutoka Nairobi usikuumize kichwa. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti 47 ziligawana shilingi bilioni 190. Kufikia 2023/24 zilikuwa bilioni 385. Wewe lalamika tu kwamba hazitoshi, hasa matangani, ambako hakuna wa kukukatiza.

Utamu uko kwenye makadirio ya mapato yako mwenyewe: vibali vya biashara, maegesho, ushuru wa soko. Tuseme mwaka jana mlikusanya milioni 400. Usiandike 420, andika bilioni moja. Bunge la kaunti likishapitisha, una idhini ya kutumia bilioni moja, na wawakilishi wa wodi watapitisha, maana miradi yao imo humo. Milioni 600 hazitaingia, bila shaka. Hapo sasa panga foleni: mishahara kwanza, posho zifuate, kisha mafuta ya magari. Mwanakandarasi aliyejenga zahanati kwa mkopo aambiwe arudi wiki ijayo. Usijione mpweke, katikati ya 2025 kaunti zilikuwa zinadaiwa zaidi ya bilioni 170, karibu nusu yake ikiwa ya Nairobi peke yake. Lori la mwanakandarasi huyo likipigwa mnada na benki, hasara hiyo haimo katika vitabu vyako.

Sheria inadai angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo. Itenge. Msimamizi wa Bajeti akija kuuliza ni ngapi zilizotumika, mlaumu waziri wa fedha kwa kuchelewesha pesa. (Na kweli huchelewa, ndiyo maana kisingizio hiki hakichuji.)

Tahadhari: usinunue kitu ambacho bei yake inajulikana dukani. Mwaka 2015 Bungoma ilinunua wilbaro kumi, kila moja kwa shilingi 109,320, na hata maelezo kwamba zimeundwa kwa chuma kisicholeta saratani hayakuzima kicheko. Nunua uhamasishaji. Nunua ziara ya mafunzo. Nani anajua bei halali ya kujifunza uzoaji taka Dubai?

Kikao cha kushirikisha umma usikiruke, mahakama zitakusumbua. Kiitishe Jumanne saa tatu asubuhi, watu wakiwa kazini, na kitabu cha bajeti kiwe kinene, kwa Kiingereza. Soda zisikosekane.

Imebaki ile bilioni moja, ambayo lazima ionekane ikitafutwa. Watume wakusanyaji sokoni. Muuza sukuma wiki ameshalipa alfajiri, na tikiti ameifunga kwenye pindo la leso pamoja na chenji. Akiombwa ya pili saa kumi, ataifungua na kuionyesha. Aambiwe hiyo ni ya asubuhi. Atalipa, kisha ataongeza shilingi tano kwa kila fungu, hivyo hata mkazi asiyewahi kukanyaga ofisi zako atakuwa amekuchangia kwenye mboga za jioni.

Huenda akauliza kwa nini choo cha soko kina kufuli, na kwa nini ile taa ya mlingoti, yenye picha yako, iliwaka siku ya uzinduzi tu. Mwambie vyote viwili vimo katika bajeti ya ziada.