Kitambaa cha Meza Kisichofuliwa

Mgeni amepiga simu: ameshashuka kituoni. Una dakika kumi, na kitambaa chako cha meza kina doa la mchuzi tangu Idi. Usihangaike, ndugu yangu. Fuata haya.

1. Kigeuze. Kama upande wa pili nao ulishachafuka Idi ya mwaka juzi, nenda hatua ya pili na usimwambie mtu.

2. Lizibe doa. Usithubutu kulisugua. Doa la bizari ya manjano ukilipaka sabuni ya mche linageuka jekundu, halafu utaulizwa nani kachinjwa. Dawa yake ni jua, siku mbili tatu kambani, na zako zimebaki dakika nane. Weka bakuli la matunda juu yake. Doa likiwa pembeni, bakuli nalo likae pembeni. Ndiyo mitindo ya siku hizi. Madoa mawili, ongeza chupa ya chai. Yakifika matatu, tandika mkeka chini na usifie mila za wazee.

3. Huna kitambaa kabisa? Toa kanga sandukuni. Moja inaenea meza ya watu wanne, na pindo lake linazunguka pande zote kama lilipimwa. Ila soma jina kwanza! Hapa ndipo wengi huumbuka. Wifi yako akikaa mbele ya maneno yanayowasema wambea, wali hautapita kooni, na kesho mtaitwa kikao cha ukoo. Maneno yaelekee ukutani. (Labda kama ulikusudia. Basi mpe kiti cha mbele ya jina, mpakulie nyama nono, na wewe nyamaza.)

4. Kwa wenye subira: nunua nailoni ya kuonyesha, ile wanayokata kwa mita Kariakoo, uilaze juu ya kitambaa chako cheupe cha kudarizi. Kitaonekana, hakitaguswa, kitarithiwa na wajukuu. Viwiko vya wageni vitanata, ni kweli. Lakini kiwiko kilichonata hakiwahi bakuli la nyama.

Sasa hodi imepigwa. Akisema, "Jamani, kitambaa kizuri!" mjibu kwa uchovu kidogo: "Aa, hiki cha kila siku."

Na akinyoosha mkono kwenye matunda, muwahi. Mchagulie chungwa mwenyewe, mmenyee, mpe mkononi. Bakuli lisisogee.