Kiti Hakinunuliwi kwa Macho

Ukimpeleka mtoto kwa fundi cherehani kushonewa sare, fundi hafungui mdomo kabla hajavuta futi kutoka shingoni. Atapima mabega, kifua, kiuno, mkono, kisha atamgeuza mtoto apime upya kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amebana pumzi. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya shati litakalopauka baada ya mwaka. Lakini kiti utakachokikalia saa nane kwa siku, miaka na miaka, unakinyooshea kidole ukiwa mlangoni mwa duka: "Nipe kile cheusi." Kinafungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, na safari ya kuumwa mgongo imeanza.

Mimi naishi Mpui, kwenye uwanda wa Ufipa, na kazi yangu naifanyia chumbani. Nachapa na kuhariri: katiba za vikundi vya kuweka na kukopa, mihtasari ya vikao, barua za maombi, tasnifu za vijana waliopo vyuoni. Nimekalia stuli, ndoo iliyofunikwa, kiti cha kulia chakula na kiti cha bosi. Mwongozo huu nauandika kwa mwalimu anayesahihisha madaftari nyumbani usiku, kwa mtunza hesabu wa chama cha ushirika, na kwa kila mtu ambaye meza ya chakula imegeuka ofisi yake.

Kwanza, usikubali mtu akwambie kwamba kukaa si kazi. Huku Ufipa tunaheshimu mgongo wa jembe, na una haki ya kuheshimiwa. Mama anayelima matuta ya ntumba, akikusanya majani na kuyafukia yaoze yawe mbolea, anainama tangu umande haujakauka. Nikimwambia mama mkubwa kwamba nimechoka kwa kukaa, ananitazama kama ninayelalamika kuchoka kwa kulala. Ila mgongo wa jembe huinama na kuinuka, hugeuka, husimama kumsalimia mpita njia na kuuliza habari za wagonjwa. Wangu hubaki palepale kama nguzo ya umeme, na kuanzia Juni baridi ya uwanda huu inapouma hadi mifupa, misuli iliyotulia tuli hukaza kama kamba iliyonyeshewa ikakauka.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta pesa, tafuta futi. Azima kwa fundi cherehani, na umwombe mtu akupime, maana ukijipima mwenyewe utainama kusoma namba na kipimo kitakuwa kimeshabadilika. Vaa viatu au ndala unazofanyia kazi. Kaa juu ya kitu kigumu, nyayo zote zikiwa zimelala sakafuni, magoti yamekunjwa kama pembe ya mraba. Pima kutoka sakafuni hadi chini ya paja, pale nyuma ya goti. Huo ndio urefu wa kiti chako. Kisha pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, utoe upana wa vidole viwili au vitatu: hicho ndicho kina cha kikalio. Mwisho, mikono ikining'inia bila kukazwa, kunja viwiko na upime kutoka ulipokalia hadi kwenye kiwiko. Andika namba hizo tatu mahali ambapo hazitapotea. Mimi nimeziandika nyuma ya kalenda.

Zangu ni 39, 41 na 22, zote kwa sentimita. Sasa fanya hesabu ambayo muuza viti hatakufanyia. Jumlisha 39 na 22, unapata 61: hapo ndipo viwiko vyangu vilipo nikikaa sawasawa. Meza za kulia chakula kwa kawaida huwa na sentimita 75 hivi. Tofauti ni 14. Miaka yote ile nilikuwa nachapa mabega yakiwa yamepanda masikioni, na nilikilaumu kiti wakati mwenye kosa alikuwa meza.

Basi kata meza. Najua inauma, meza ni ya harusi, meza imetoka kwa wazazi. Kama hiyo haigusiki, tafuta nyingine ya bei ndogo uikate hiyo. Chukua kijiti kimoja, kitumie kuweka alama miguu yote minne, ukate kidogo, ukae, ujaribu, ndipo uongeze. Asiyeweza kukata meza ainue kiti, kisha aweke tofali la kuchoma chini ya miguu, kwa sababu miguu ikining'inia, ukingo wa kiti hubana paja kwa chini na baada ya saa moja ganzi inakufikia vidoleni. Tofali lililofungwa gunia ni kikanyagio kizuri kabisa, nalo Mpui halikosekani. Na kama kompyuta ni ya kupakata, inyanyue juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kisha utafute kibodi ya kuchomeka pembeni. Shingo nayo ina uzito wa kubeba.

Ukishajua namba zako, ndipo uingie sokoni.

Kiti cha plastiki utakiona kwanza, kwa kuwa kipo kila mahali: harusini, msibani, kwenye vikao vya kijiji. Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti chake cha plastiki cha kipande kimoja mwaka 1972, na jamaa za kiti hicho wameenea dunia nzima. Nakipenda kwa kazi yake. Mgongo wake umelala nyuma kwa ajili ya mtu anayekunywa soda na kusikiliza hotuba. Mtu anayechapa huegemea mbele, kwa hiyo mgongo ule haumgusi, na ni sawa na kukalia stuli. Kwa saa moja kinatosha, lakini kwa siku nzima utaumia.

Kinachofuata ni kiti cha bosi: cheusi, kinazunguka, mgongo wake mrefu kuliko bosi mwenyewe. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndicho kinachowapoteza wengi, na naelewa kwa nini. Kwetu kiti ni cheo kabla hakijawa kifaa. Lugha yenyewe inamwita kiongozi mwenyekiti. Simulizi maarufu ya Wafipa inasema kwamba wanawake watatu wageni walifika Milansi, makao ya mtawala, wakati mwenyewe hayupo, wakakitwaa kiti chake, na utawala ukahamia kwao. Watu waliolelewa na simulizi ya namna hiyo hawawezi kukitazama kiti kikubwa bila moyo kushtuka. Dukani unanunua ukubwa, unausahau mgongo.

Cha kwangu nilikinunua mjini Sumbawanga, kikapanda buti ya basi. Mwezi wa tatu tangu nikinunue, gesi inayokipandisha ikaanza kuvuja. Nilikuwa naanza ukurasa nikiwa sawa na meza, naumaliza kidevu kikikaribia kibodi. Nilipokirudisha, muuzaji akasema gesi haina garanti; risiti sikuwa nayo, na maneno yangu yakaishia hewani. Dai risiti, hata kama unaambiwa bei inapungua bila risiti. Punguzo hilo ni bei ya haki yako ya kurudi.

Ukiwa bado unakitaka cha kuzunguka, kikague kama unavyokagua ng'ombe mnadani. Kipindue. Miguu iwe mitano, kwa sababu yenye minne hupinduka kwa urahisi ukiegemea pembeni. Kikalie, kipandishe hadi juu, kisha ukae dakika tano nzima ukiongea na muuzaji habari za mvua. Kikishuka hata kidogo, muage. Kandamiza sponji kwa ngumi: ukigusa ubao leo, mwezi ujao utaukalia ubao. Kwaruza ngozi bandia kwa ukucha kwenye kona ya chini, maana ile ya bei rahisi hubanduka maganda. Uliza magurudumu yatatembea juu ya nini. Sakafu yenye mabonde itayakwamisha, na ya udongo itayameza. Gesi ikiisha baadaye, usikitupe kiti. Chukua kipande cha bomba la maji la plastiki, kikate urefu unaoutaka, kipasue upande mmoja na ukivalishe kwenye mhimili. Hakitapanda wala kushuka tena, na kwa mtu anayejua namba yake, hiyo si hasara.

Vile vilivyotumika navyo visidharauliwe. Taasisi zinapoondoa samani chakavu huuza kwa mnada wa hadhara, na humo huwa kuna viti vya chuma vilivyotengenezwa zamani, vizito, ambavyo ugonjwa wake ni kitambaa na sponji tu. Fundi makochi anaviponya kwa siku moja. Soma mbao za matangazo, nenda mapema, na futi yako mfukoni.

Lakini mimi aliyeniponya ni fundi seremala, na hapa ndipo ninapotaka kukupeleka.

Nilimkuta anaranda mlango. "Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kitanda au kabati?"

"Kiti, baba. Cha kufanyia kazi."

"Viti natengeneza sita, na meza yake."

"Nataka kimoja tu. Vipimo vyake hivi hapa."

Akasoma karatasi yangu, akainua macho. "Thelathini na tisa? Hiki si cha mtoto wa shule?"

"Ni changu, baba."

Akatazama miguu yangu, akachomoa penseli sikioni, na asiongeze neno. Alipanga vipande vya mbao kimoja juu ya kingine, akaniambia nikae. Akachomeka kimoja chembamba, visigino vikanyanyuka. Akakitoa, akatafuta kingine chembamba zaidi, akakisukuma taratibu hadi nyayo zikatua zote. Akapima: 39. Akacheka peke yake, akaandika kwenye ubao. Kisha akamwita binti yake, "Njoo umpime mama hapa mgongoni," na binti akaweka kiganja kwenye bonde la mgongo wangu, juu kidogo ya kiuno, akamsomea baba yake namba: 19 kutoka kwenye kikalio. Pale ndipo ubao wa kuegemea ulipowekwa, ukiwa umechongwa tumbo kidogo ili uingie kwenye bonde lile. Katika maisha yangu hakuna kiti kilichowahi kunigusa pale.

Ukienda kwa fundi wako, mwombe haya. Ukingo wa mbele wa kikalio auviringe kwa tupa na msasa, usibaki na pembe ya kukata mapaja. Egemeo lilale nyuma kidogo tu. Viungo viwe vya ulimi ulioingia tunduni kwa gundi, misumari mitupu italegea. Na uliza mbao ina muda gani tangu ipasuliwe. Uwanda wa Ufipa ni nchi ya majani, msitu wa asili umebaki kidogo, hivyo mara nyingi utaletewa mlingoti, na mlingoti mbichi hujipinda hadi kiti kinasimama kwa miguu mitatu. Mninga ukipatikana mkavu, ongeza pesa bila kusita.

Kuhusu egemeo, nina maoni yangu. Sifa kubwa ya viti vya ofisi vya bei mbaya siku hizi ni wavu unaopitisha hewa. Aeron, kiti cha kampuni ya Herman Miller kilichotoka mwaka 1994, ndicho kilichoupa wavu huo jina. Lakini katika karne ya 19 mafundi wa Zanzibar na Lamu walikuwa wakitengeneza kiti cha enzi cha mpingo, kilichopambwa kwa pembe za ndovu, na kikalio na mgongo wake vilisukwa kwa kamba. Kamba hubonyea pale mwili ulipo na kukaza pale usipokuwepo. Mwambie fundi aache uwazi juu ya ule ubao wa mgongo, asuke kamba ya pamba au katani. Kikalio kwetu huku kiwe cha sponji nzito, kwa sababu Julai upepo unaopita chini ya kiti hauna huruma.

Changu kilinigharimu shilingi 72,000: mbao 30,000, ufundi 25,000, sponji 12,000, kamba na kitambaa 5,000. Kiti cha bosi kilikuwa kimenila 140,000.

Kiti kikishapatikana, linabaki suala la ukaguzi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala wa kuisimamia. Ukiajiriwa ofisini una pa kulalamikia. Sisi tunaojiajiri chumbani ndio mwajiri na ndio mkaguzi, hivyo jikague. Kila baada ya nusu saa simama, hata kama kiti ni kizuri: geuza maharage juani, chungulia kuku, nyoosha mikono mlangoni. Kiti bora hupunguza adhabu ya kukaa, hakiifuti.

Wiki iliyopita jirani yangu, mwalimu, alikuja kuchapisha mtihani. Nikampisha kwenye kiti changu akague kazi yake. Alikaa, akajisogeza, magoti yake yakapanda juu kama ya mtu aliyekalia kigoda.

"Dada, mbona kinaniumiza? Si ulikisifia?"

"Hicho ni changu, mwalimu. Simama nikupime."

Yake ni 46. Fundi anaanza Jumatatu.