Mahindi Yanatutoa Jasho

Cedar Rapids, Iowa
Mwezi wa saba

Shangazi yangu na wote hapo Makorora, Tanga,

Mimi sijambo, ila nimelowa.

Kwanza nimtoe Baba Mdogo wasiwasi. Ile picha ya simu niliyomtumia, iliyoandikwa nyuzi 97, haina maana kwamba zimebaki nyuzi tatu tuchemke. Wamarekani wanapima kwa Fahrenheit, na 97 yao ni 36 yetu. Aache kuchangisha nauli ya kunirudisha.

Ila asipumue sana. Huku joto lina namba mbili. Ya kwanza ni ya kipimajoto. Ya pili ni ya mwili: wanachukua joto, wanaongeza unyevu ulio hewani, kisha wanakwambia mwili wako utaonja nini jasho likikataa kukauka. Leo ya kwanza ni 97, ya pili 110, yaani 43 kwa hesabu ya nyumbani. Ya pili ndiyo ya kweli. Nimeihakiki mwenyewe kituoni, nikingoja basi.

Mtauliza, unyevu huo unatoka wapi na bahari iko mbali zaidi ya kilomita 1,000? Mwingine unapanda kutoka Ghuba ya Mexico. Mwingine, Shangazi, unatoka kwenye mahindi. Usicheke. Iowa ndiyo kinara wa mahindi Marekani nzima, na mwezi huu yameshampita mtu kimo. Ekari moja ya mahindi hutoa hewani lita 11,000 hadi 15,000 za maji kwa siku, na mtangazaji wa hali ya hewa anasimama na tai yake anasema mahindi yanatoka jasho. Haoni haya. Na ugali wenyewe hatuuoni! Mengi yanakwenda kwa nguruwe na kwenye viwanda vya mafuta ya magari. Napikwa na mahindi nisiyoyala.

Kinachoniudhi zaidi ni wenyeji. Kila anayeniona najipepea ananiambia, "Lakini wewe si umezoea?" Nawaeleza kwamba Tanga saa hizi kusi inavuma na watu wanavuta shuka alfajiri, kwamba hata Februari joto likitubana tuna baraza, tuna madirisha, na bahari haijatukimbia. Hawaelewi. Nyumba zao zimejengwa kuizuia Januari isiingie, basi Julai ikishaingia haipati mlango wa kutokea. Jua nalo halina haraka. Magharibi tunaswali saa tatu kasorobo usiku.

Utani kando, joto hili linaua. Chicago, mwezi wa saba 1995, lilipiga kwa siku chache tu na likaondoka na watu zaidi ya 700, wengi wao wazee wanaoishi peke yao, madirisha wameyafunga kwa hofu ya wezi. Ndiyo maana siku hizi watabiri wanasisitiza mtu akamjulie hali jirani mzee. Mimi nina wangu, bibi wa ghorofa ya kwanza. Namgongea kila jioni. Anadhani nafuata kiyoyozi chake. Hakosei sana.

Sasa jioni. Mchana kutwa hewa ya moto yenye maji imelala huku chini, juu kabisa kuna hewa ya baridi, na katikati tabaka la hewa ya moto limekaa kuzitenganisha. Kuelekea machweo tabaka hilo linashindwa. Hapo, jamani, si mvua ile ya kuanua nguo.

Wana ofisi nzima kule Norman, Oklahoma, ya kutabiri dhoruba tu. Kila siku inatoa ramani yenye madaraja matano ya hatari: kijani, njano, chungwa, nyekundu, na zambarau ambayo Mungu atuepushe nayo. Ili mvua ya radi ihesabiwe kuwa kali, upepo ufike kilomita 93 kwa saa, au mawe ya barafu yafike sentimita mbili na nusu. Mawe hayo wanayatangaza kwa ukubwa wa sarafu, mpira wa gofu, mpira wa besiboli. Sijawahi kushika mpira wa besiboli, nikabaki nauliza watu: ni ndimu, chungwa, au dodo? Hakuna aliyenijibu. Nimeamua ni dodo changa, na gari nimelisogeza.

King'ora kikilia, amri ni moja: shukeni besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi. Basi tunaoshuka ni wageni. Mimi, Wanepali wa jirani, na mama mmoja wa Bukavu, Kongo, na wanawe wanne, anayeteremka ngazi akisema, "Hii mvua iko mubaya!" Wenyeji wako wapi? Wametoka nje! Wamesimama barazani, mikono kiunoni, wanaitazama mbingu iliyogeuka kijani na kuijadili.

Na hao ndio waliokuwepo tarehe 10 Agosti 2020, upepo ulipopita hapa kwa mstari mmoja, ukikadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa. Ulifyeka zaidi ya nusu ya miti ya mji huu, na wengine walikaa wiki mbili bila umeme. Wanakusimulia yote hayo wakiwa wamesimama palepale barazani, na radi inapiga ng'ambo ya mto.

Besimenti kwenyewe kuna raha yake. Kuna ubaridi, na mama wa Bukavu hushuka na chupa ya chai. Shida ni mumewe. Zamani alikuwa wa kwanza kushuka. Kiangazi hiki ameanza kubaki juu na wenyeji, mikono kiunoni, na juzi ametuita tukaone wingu.

Kwa hiyo, Shangazi, akipatikana mtu wa kuja huku, naomba kanga mbili za pamba tupu, zile nyepesi. Yangu chagua uipendayo. Mama wa Bukavu anaomba ya kwake iwe na jina la kumrudisha mume ndani. Ulizia pale sokoni Ngamiani, wao hawakosi.

Mwanenu,
wa besimenti