Mnada wa Stoo ya Mahindi

Ndugu yangu uliyeoa Bungoma ukajenga Kitale, sogea tulie pamoja.

Mimi ni mhariri wa kujitegemea. Kazi nazisaka Upwork, mtandao uliotokana na Elance na oDesk kuungana, ukapewa jina hilo mwaka 2015. Mteja anatangaza kazi, nasi tunamiminika, kutoka Manila hadi Milimani hapa Kitale, kila mtu akitaja bei yake na kuapa kwamba hana mfano. Wateja wengi wako Marekani, kwa hiyo wao wanaamka sisi tukisonga ugali.

Mke wangu namwita Mkaguzi Mkuu. Hakuna ujumbe wa M-Pesa unaoingia kwangu asiusome kwanza. Ndiye aliyegundua Connects, zile pointi za kuombea kazi.

"Baba Nekesa, yaani unalipa ndipo uombe kazi?"

"Moja ni senti 15 za dola tu, mama."

"Na ombi moja linakula ngapi?"

Hapo nikakumbuka kuku hawajafungiwa.

Kisha akaja Kamishna, yaani mama mkwe, na jogoo kwenye kapu. Wazijua heshima zetu Wabukusu: mkono hatupeani, na akiingia sebuleni mimi natokea mlango wa nyuma. Kulala halali kwetu, mila hiyo haiguswi. Analala kwa mdogo wake Kibomet. Ila mchana kutwa ni wake, sebule ni yake, na waifai iko sebuleni. Nikahamia stoo, gunia la mahindi likawa meza. Mazungumzo yetu yakawa yanapitia kwa Nekesa.

"Baba, Kukhu anauliza, huo mnada ni kama wa ng'ombe pale Chwele?"

"Mwambie ni karibu sawa, ila huku bei inashuka."

Akaenda, akarudi. "Anasema hajawahi kuona ng'ombe akijipunguzia bei mwenyewe."

Jioni moja mteja wa Texas akanipigia kwa video. Ndiyo kwanza tunagusia malipo, Kamishna huyo, kasukuma mlango wa stoo akitafuta mahindi ya jogoo wake. Ningefanyaje? Nikazama nyuma ya magunia. Mteja akabaki anatazamana na mama mwenye kitambaa kichwani na ungo mkononi.

"Mulembe!" Kamishna akasalimu, akavuta kiti changu, akaita Nekesa aje atafsiri. Mimi huko chini, vumbi la mahindi puani, chafya nimeibana, nikasikia swali la kwanza: "Ana ng'ombe?" Kumbe anao! Wakahesabiana, wakaingia magonjwa, wakalia ukame. Swali la pili: "Anamlipa mkwe wangu ngapi?" Alipotajiwa akaguna, akataka mara mbili. Mtexas alicheka mpaka akakubali.

Upwork ilikata yake. Pesa zikapitia PayPal hadi M-Pesa, Mkaguzi akazisoma nikiwa bafuni, na Kamishna akakatiwa kumi kwa mia pamoja na nauli. Jogoo kaniachia, kwa sharti kwamba nisimguse.

Siku hizi kabla ya kutuma ombi, Nekesa hupiga simu Bungoma kutaja bei yangu, na jibu ni lile lile: iongezwe. Juzi mteja wa Kanada alinikataa kwa bei hiyo ya Kamishna. Nilipolalamika, Nekesa akaleta ujumbe mfupi: huyo hana ng'ombe.