Mgeni wa Usiku na Nyayo Zake Uani

Unyayo wa mnyama uani huishi muda mfupi: tangu mwenyewe apite hadi fagio lifike. Katika nyumba nyingi za pwani na bara, uwanja hufagiliwa alfajiri, na fagio la chelewa halitofautishi takataka na ushahidi. Ndiyo maana kuku akitoweka usiku, kinachosalia asubuhi ni manyoya mawili, mistari ya fagio iliyonyooka, na nyumba nzima yenye hakika kwamba aliyekuja ni chui.

Udongo una mchango wake katika uzushi huo. Mavumbi laini yenye umande huhifadhi kila kidole. Mchanga mkavu hubomoka ukabaki shimo lisilo na jina. Tope ndilo lenye hila kuliko vyote: mnyama akiteleza, vidole hutanuka, na unyayo wa mbwa wa kawaida hukua. Hukua tena unaposimuliwa kisimani.

Hatari nyingine ni watazamaji. Habari ikienea, majirani hufika na ndala zao, kila mmoja akainama kuona na akakanyaga alichokuja kukiona. Anapofika mzee anayesifika kwa kuwajua wanyama, alama pekee inayotambulika ni soli. Dawa yake ni karai au beseni: hufunikwa juu ya unyayo mapema, kabla ya chai na kabla ya makisio.

Baada ya hapo ndipo hupimwa. Kiberiti cha kawaida kina urefu wa sentimita 5 hivi, na kikiwekwa kando ya unyayo kabla ya kupigwa picha huokoa ubishi mwingi, kwa kuwa katika picha isiyo na kipimo paka na simba hulingana. Unyayo wa paka wa nyumbani una sentimita 3 hivi. Wa chui hufika 7 hadi 9, na wa simba huweza kupita 12. Anayekuta alama fupi kuliko kiberiti akapiga mayowe ya simba anahitaji maji ya kunywa, si bunduki.

Kipimo kikishajulikana, hutazamwa kucha. Mbwa na fisi hutembea kucha zikiwa nje, hivyo vitone huonekana mbele ya vidole vinne. Paka na chui huzificha, na alama zao huwa za mviringo, safi. Fisi hutambulika zaidi kwa nyayo za mbele kuwa kubwa kuliko za nyuma, na kwa mavi yanayokauka yakawa meupe kutokana na mifupa anayoitafuna. Hata hivyo, sehemu nyingi fisi akipita karibu na nyumba, swali la kwanza huwa si alikoelekea bali ni nani aliyemtuma.

Paka naye ana mwendo unaozua balaa. Akitembea taratibu, mguu wa nyuma hukanyaga palepale ulipotoka wa mbele. Alama nne hugeuka mbili, na asubuhi wenye nyumba huona njia ya kiumbe cha miguu miwili kilichotoka jikoni na kuishia ukutani. Kisomo huandaliwa, ilhali mhusika amelala juu ya gunia la mkaa, tumbo limejaa dagaa.

Mstari mrefu wenye mawimbi mchangani huhukumiwa mara moja kuwa ni wa nyoka, na mafuta ya taa humwagwa kuzunguka nyumba. Ikiwa pande mbili za mstari huo kuna alama za vidole vyenye kucha, ule ni mkia wa kenge aliyefuata mayai, na mafuta yamepotea bure.

Nungunungu huponza wasio na kosa. Mguu wake wa nyuma hulala chini kuanzia kisigino hadi vidole, ukafanana na wa mtoto mdogo. Mihogo ikichimbuliwa usiku, watoto wa jirani huitwa kujieleza. Mwiba mmoja wenye weusi na weupe huwaondolea hatia, ingawa kwa kawaida huokotwa baada ya viboko.

Komba, ambaye hulowesha viganja na nyayo kwa mkojo wake mwenyewe, huweza kuacha alama za vidole vyake juu ya ukuta mweupe, na mpaka rangi akalipa kosa hilo. Kandokando ya Ziwa Naivasha kuna mgeni asiyehitaji kiberiti wala mzee: kiboko huacha alama za vidole vinne vizito na majani yasiyohitaji tena kufyekwa, kwani mmoja huweza kula kilo 40 hivi kwa usiku.

Kukosea katika kazi hii si aibu ya wasiosoma peke yao. Mwaka 1976 huko Laetoli, Ngorongoro, watafiti wa msafara wa mwanaakiolojia Mary Leakey walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka, na akiwa chini akaona nyayo za wanyama zilizoganda katika majivu ya volkano yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Miongoni mwa nyayo zilizopatikana wakati huo kulikuwa na chache za ajabu, na baadhi ya wataalamu wakadhani ni za dubu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Ni mwaka 2021 tu ndipo uchunguzi mpya ulipochapishwa na kueleza kwamba hazikuwa za dubu, bali za mmoja wa jamaa wa kale wa binadamu.

Kwa nyumba ya leo, hukumu ni nyepesi. Unyayo usio na kucha unaozidi kiberiti kwa mbali, au wa fisi au kiboko, haufuatwi porini: watoto huingizwa ndani, mifugo hufungiwa, na ofisi ya wanyamapori hupewa taarifa. Kwa wengine wote, mlango wa banda ukifungwa vizuri unatosha, isipokuwa kwa nyegere, ambaye huuchana na kuingia.