Amplifaya Imeokoka

Makanisa yetu ya mjini yameanza kuondoa amplifaya ya gitaa jukwaani, kwa kosa la kelele. Mahali pake imekaa laptopu yenye programu ya kuigiza Vox AC30, amplifaya ya Kiingereza ya mwishoni mwa miaka ya 1950: wati 30, na vali za kioo zinazotoa joto la kutosha kuivisha chapati. Joto hilo halikuigizwa. Sisi wa Dar es Salaam tunashukuru.

Kelele zimepungua kweli. Jukwaani. Nje, spika zilizopangwa hadi darini bado zinauamsha mtaa mzima, pamoja na wasiosali hapo.

Mpiga gitaa siku hizi ni mhasibu. Akiiachia programu sampuli 1024 za sauti kwa mkupuo, kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, sauti inachelewa milisekunde 21. Akizipunguza hadi 128, inachelewa chini ya 3, ila laptopu inaanza kukwaruza. Basi wanabishana, yeye na fundi mitambo, juu ya hizo milisekunde, katika ibada ya saa tatu iliyoanza saa nne kasorobo.

Jumla ya amplifaya zilizomo ndani ya programu: makumi. Jumla ya kodi za gitaa katika pambio: tatu, na ya tatu hupigwa kwa imani.

Programu yenyewe ilinunuliwa wapi? Fundi atakujibu, “Tumebarikiwa tu,” kisha atainama kuhakikisha intaneti imezimwa.