Ukilipa Zaidi, Unaamriwa Zaidi

Katika delta ya Okavango, kaskazini mwa Botswana, kulala hemani usiku mmoja kunaweza kumgharimu mtu mmoja zaidi ya dola 1,000, na zipo kambi zinazotoza mara mbili au tatu ya hapo bila kupepesa macho. Kwa fedha hizo ungedhani mgeni ataachwa afanye apendavyo. Thubutu! Amri zinamkuta hata hajaliona hema lenyewe, pale uwanja wa ndege wa Maun: mzigo wote, kamera na mkoba wa mkononi vikiwemo, usizidi kilo 20, tena uwe kwenye begi laini lisilo na magurudumu. Lile sanduku gumu lililonunuliwa mahususi kwa safari hii haliendi popote, kwa kuwa buti la ndege ndogo ya Cessna ni jembamba na halijui bei ya sanduku. Mgeni ambaye mwili wake mwenyewe umevuka kilo 100 huombwa aseme mapema, na huenda akalipia kiti cha pili. Panda basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya uone tofauti: utapakia gunia la mchele, godoro na jogoo wawili, na kondakta atakuuliza mambo mengi ya ovyo lakini si uzito wako.

Nasema hivi bila kejeli, au kwa kejeli kidogo tu: watu wanaodhani kambi za kifahari zinauza raha wamekosea bidhaa. Zinauza mikasa. Shuka nyeupe na supu ya maboga ni vifungashio. Itazame ratiba. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mtu anabisha hodi nje ya turubai kwa adabu kubwa, na haondoki mpaka aitikiwe. Juni na Julai huko ni baridi ya kung'ata, na gari la kuangalia wanyama halina vioo wala milango, kwa hiyo mheshimiwa anakabidhiwa blanketi na chupa ya mpira yenye maji ya moto, anaipakata, anatetemeka, anashukuru. Jua likishazama haruhusiwi kutembea peke yake. Mtu aliyezoea kuongoza benki nzima anakaa kitandani, kavaa viatu, akisubiri kuja kuchukuliwa akale, kama mtoto wa chekechea. Ameachiwa honi ya kupuliza mambo yakiharibika, na ameelezwa kwamba njaa haihesabiwi kuwa mambo kuharibika. Kufuliwa nguo ni bure, ila katika kambi nyingi bafuni kuna kikopo cha sabuni ya unga chenye ujumbe wa upole: nguo za ndani kila mtu afue zake. Bibi wa Tanga na bibi wa Maun wangekutana juu ya sharti hilo, wangeelewana bila mkalimani.

Yote haya hayakubuniwa na meneja mwenye roho mbaya. Yamebuniwa na maji. Mvua inanyesha kwenye nyanda za juu za Angola, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi au Aprili, kisha mto unakata ukanda mwembamba wa Namibia na kuingia Botswana, ambako ardhi ni tambarare kiasi kwamba maji yanatembea kama yasiyo na miadi. Yanatapakaa kwenye mafunjo na matete, na mengi yanaishia hewani au mchangani. Bahari hayaioni kamwe. Kwa kuwa yanajikokota miezi kadhaa, mafuriko yanafika wakati wa kiangazi, anga likiwa halina hata wingu. Mgeni aliyebeba koti la mvua hana mvua, na njia ambayo gari lilipita mwezi uliopita sasa ina samaki. Wala huwezi kuyatoza maji hayo faini ya kuchelewa: mwaka 2019, mwaka wa ukame mkali, yalikuja kiduchu, na aliyelipia kusukumwa kwa mtumbwi ilibidi aelezwe mengi. Mtumbwi wenyewe, wanaouita mokoro, zamani ulichongwa kwenye gogo na siku hizi aghalabu ni wa faibaglasi. Abiria anakaa chini kabisa, kingo za mtumbwi zikiwa karibu mno na maji, nyuma yake amesimama mpiga upondo, na wote wawili wanashikilia maji ya kina kifupi kwa sababu kina kirefu kina mwenyewe, naye ni kiboko. Juu ya hapo, vitalu vya utalii vya delta havitaki saruji. Kambi hujengwa kwa mbao na turubai, juu ya majukwaa yaliyonyanyuliwa, ili siku mkataba ukiisha kila kitu king'olewe. Penye turubai pana zipu, na zipu ni kufuli ambalo nyani alilielewa zamani. Ndiyo maana mgeni anafundishwa kufunga hema kwa kibanio, kisha anafundishwa tena baada ya sukari, ndizi na dawa ya meno kupaa mtini.

Najua msomaji ameshakunja uso. Baridi, nyani, kuamshwa alfajiri, kufua chupi zako mwenyewe: haya si yanapatikana Kimara, Dar es Salaam, bila kulipa hata senti? Yanapatikana. Lakini maji yakikatika Kimara, anayekesha na ndoo akiviziavizia bomba ni wewe. Tembo anapong'oa bomba la kambi usiku wa manane huko Okavango, na tembo wana tabia hiyo, fundi ndiye anayezama kwenye tope na tochi mdomoni, na mgeni anakuja kusimuliwa wakati wa chai, bomba limeshapona, na wote wanacheka. Alichonunua ni mkasa uliochujwa: hasara, usingizi na matope vimebaki kwa mwingine, yeye amepewa hadithi. Biashara hii ni ya zamani, na watu wa pwani yetu waliijua kwa mabega yao. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka madarakani Marekani muda si mrefu, alishuka Mombasa akaingia porini na maktaba ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe. Sanduku lake lilipangwa kwa makini lisizidi mzigo wa mpagazi mmoja, yaani kiasi cha kilo 27. Piga hesabu: sanduku la vitabu tu la Roosevelt lilikuwa zito kuliko kila kitu anachoruhusiwa kuwa nacho mgeni wa Okavango leo. Hakuna aliyemwambia akapunguze, kwa kuwa mpagazi hakuwa na buti jembamba. Alikuwa na kichwa.

Pingamizi la pili silichekei. Litatoka kwa mkulima wa Seronga, kijiji kilichoko kaskazini mwa delta, ambaye tembo akiingia shambani kwake hakuna chai ya kusimulia habari hiyo. Kiboko anayempa mtalii msisimko ndiye anayempindulia mvuvi mtumbwi. Tena sera ya utalii ya Botswana ya mwaka 1990 ilichagua makusudi wageni wachache wanaolipa sana, na tafsiri yake mezani ni kwamba jirani wa hifadhi ataliona hema la kifahari akiwa ameajiriwa humo, mara chache akiwa mgeni. Hifadhi ya Moremi, iliyomo ndani ya delta, ilitengwa na watu wa BaTawana mwaka 1963 kwenye ardhi yao, na bado wapo waliohamishwa kutoka ndani yake wakaishia Khwai, ng'ambo ya mpaka wa hifadhi. Hata mbung'o, aliyewazuia ng'ombe wasijaze delta kwa ufanisi zaidi kuliko askari yeyote wa wanyamapori, aliondolewa kwa dawa iliyonyunyizwa na ndege mwaka 2001 na 2002, akaenda zake bila kiinua mgongo. Yote nayakubali, na nadhani yanaikaza hoja yangu. Mnyama ni yule yule na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni nani analala na nani yuko macho. Na yule aliye macho kambini, anayesoma unyayo mchangani na kusema simba amepita saa ngapi, mara nyingi ametoka kwenye vijiji hivi hivi, ambako mkasa haukuchujwa. Elimu yake haikupatikana kwenye chai. Kwa hiyo sioni shida bei ikiwa kubwa. Nauliza tu kama sehemu ya kutosha inafika kwa anayekesha, na kwa mkulima ambaye hadithi yake inauzwa bila yeye kuwepo.

Wengine watasema basi waiondoe mikasa, fedha ipo. Wanajaribu. Kuna kambi zenye kiyoyozi kinachopuliza ndani ya chandarua, bwawa dogo la kuogelea mbele ya kila hema hatua chache kutoka kwenye maji ambamo huwezi kuogelea kwa sababu ya mamba, na intaneti ya kumwezesha mtu kusoma barua za ofisini huku tembo anakula mti nyuma yake. Sizilaumu, mtu akiumwa na joto la Oktoba huko hataki falsafa. Ila kila mkasa unapoondoka, mgeni anabaki na hoteli yenye ukuta wa kitambaa, na hoteli za kuta za matofali ziko nyingi, karibu zaidi, na masanduku ya magurudumu huingia. Muulize mtu yeyote aliyerudi kutoka huko akueleze habari za safari. Ukimsikia anaanza na unene wa godoro, jua aliibiwa. Wengi wanaanza na nyani.

Kambi zenyewe, nadhani, zinalijua hili, maana zimeliweka kwenye maandishi. Mgeni akifika tu, baada ya taulo la unyevunyevu na glasi ya juisi, anapewa fomu ya kukiri kwamba wanyama hawa ni wa porini, kwamba hakuna uzio, na kwamba likimpata la kumpata asimtafute mtu. Anatia saini bila kusoma, jinsi tunavyofanya sote. Kiboko, ambaye ndiye anayehusika zaidi na mkataba huo, hajawahi kuletewa fomu.